Filamu Mbili za Mwanza

Kiswahili hulibebesha neno moja mizigo miwili. Filamu ni hadithi ionyeshwayo ukumbini. Filamu pia ni ule ukanda wa picha 36 uliotiwa ndani ya kamera, kisha ukapelekwa studio kusafishwa. Huko mbali Mwanza imejulikana kwa filamu ya aina ya kwanza. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, iliwaonyesha walimwengu sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mapanki yaliyoanikwa juani. Mwaka 2006 iliteuliwa kugombea Oscar, na mwaka huo huo Rais Kikwete akailaumu hadharani.

Ugomvi ulikuwa juu ya ukweli: je, ndege zile zilileta silaha? Swali hilo ni zito, lakini limefunika jingine. Sauper ana jicho kali, na mapanki yake hayasahauliki. Ila wengi wa watu wake hukutwa wakiwa wamechoka, wamelewa au wamelala.

Kamera ya ukanda ilikuwa na adabu yake. Picha zilihesabika na kusafisha kuligharimu, basi mtu alijiandaa: alichana nywele, aliazima saa, akasimama mbele ya pazia lililochorwa. Ni uongo, naam, lakini ni uongo wa mwenye sura mwenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Simu za kupiga picha hazikuwapo bado. Kwa nyumba iliyofiwa siku ile, karatasi moja ya studio, pamoja na ile saa ya kuazima, yaweza kuwa ndiyo sura yote iliyosalia.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliifanya kazi hiyo kwa kalamu. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuitafsiri mwenyewe, ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Pombe ya kuwalipa wakwe huelezwa humo hatua kwa hatua. Mhariri mwenye haraka angezikata kurasa hizo, na hasara ingekuwa yetu.

Picha za studio hazijapata Kitereza wao. Unyevu hugandisha kanda masandukuni, na rangi za miaka ya 1970 hugeuka wekundu mtupu. Atakayezikusanya asitazame sura peke yake, bali azigeuze: mgongoni, kwa wino, mara nyingi pameandikwa jina, tarehe, na neno Ukumbusho.