Regilateri ya mwendo, njia ya Sake?
Bandugu, kamyo mpya zinasifiwa juu ya regilateri ya mwendo: shofere anapanga kilometa 60 kwa saa, anaondoa mguu, mashini inashika mwendo huo yenyewe. Kwa barabara ndefu tambarare, sawa, mazuti inapungua. Lakini hapa Keshero? Chukudu mbele, motari pembeni, mama na beseni ya birayi anavuka. Ukikanyaga freni tu, inajizima. Mvua ikinyesha ni mubaya zaidi: gurudumu likiteleza, yenyewe inaweza kuendelea kuomba motere nguvu. Kwa muteremuko, zile za kawaida hazizuie kamyo. Tani kumi za birayi zinaisukuma. (Sisi ba-agronome tunahesabu hasara ya shamba, ya njiani tunaisahau.) Mwenye kamyo akiniuliza, pesa hiyo aiweke kwa freni na pine.