Filimbi na Jina: Jinsi Waamuzi Wanavyomkinga Mchezaji Mmoja na Kumwacha Mwingine

Swali la iwapo waamuzi wa mpira wa miguu huwakinga wachezaji fulani kuliko wengine huzuka karibu kila mechi inapomalizika, na mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki, kwa kuwa anayeshangilia ushindi huona haki palepale ambapo aliyefungwa huona upendeleo. Linaweza hata hivyo kuchambuliwa kiufundi, kwa kuangalia sheria inasema nini, jicho la mwamuzi linaona nini, na ni nguvu gani zinazomsukuma katika ile nusu ya sekunde kabla hajapuliza filimbi. Uchambuzi wa namna hiyo hauna budi kuanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni kinga ya nafasi, yaani ulinzi ambao sheria inampa mchezaji yeyote kwa sababu ya kazi anayoifanya na hatari inayomkabili anapoifanya. La pili ni kinga ya jina, yaani ulinzi ambao mtu hupewa kwa sababu ya sifa, umaarufu au cheo chake. Kinga ya kwanza ni haki, ya pili ni upendeleo, na ugumu wote wa suala hili unatokana na kwamba zote mbili hutolewa kwa filimbi ileile.

Kinga ya nafasi ina historia inayoeleweka. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 nchini Uingereza, Pelé wa Brazil alipigwa mateke na mabeki wa Bulgaria na baadaye wa Ureno hadi akawa anachechemea uwanjani, na miaka minne baadaye, huko Mexico, kadi za njano na nyekundu zilianzishwa katika mashindano hayo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 Diego Maradona wa Argentina alichezewa rafu mara 23 katika mechi moja dhidi ya Italia, nyingi zikitoka kwa Claudio Gentile aliyepewa kazi ya kumkaba, na mwaka uliofuata alivunjwa kifundo cha mguu na Andoni Goikoetxea katika ligi ya Hispania. Mwaka 1998 sheria ilitamka wazi kwamba kumkwatua mpinzani kwa nyuma kwa namna inayohatarisha usalama wake kuhesabiwe kuwa mchezo mbaya wa hatari, ambao adhabu yake ni kutolewa nje. Marekebisho hayo yalichochewa na mateso ya wachezaji mashuhuri, lakini yalipoandikwa hayakumtaja mtu. Yalitaja tendo, na kwa hiyo yakamkinga pia kiungo asiyejulikana na yeyote nje ya mtaa wake.

Sheria iliyopo leo, ambayo ni Sheria ya 12, inayapanga makosa ya mwili katika ngazi tatu. Ya kwanza ni uzembe, pale mchezaji anapomwendea mwenzake bila uangalifu, na adhabu yake ni mpigo huru tu. Ya pili ni kutojali, pale anapopuuza hatari anayomsababishia mpinzani, na hiyo huleta kadi ya njano. Ya tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi, ambayo huleta kadi nyekundu. Ngazi hizi hazipimwi kwa mizani wala kwa rula, bali kwa maoni ya mwamuzi, na sheria yenyewe inasema hivyo. Aidha, kosa la kurudiarudia rafu, ambalo nalo huadhibiwa kwa kadi ya njano, halina idadi maalumu. Ni katika nafasi hii ya hiari ndipo kinga ya jina huingia, kwa kuwa mwamuzi halazimiki kuvunja sheria ili ampendelee mtu. Inatosha aone uzembe mahali ambapo kwa mwingine angeona kutojali.

Jinsi hiari hiyo inavyofanya kazi ilionekana waziwazi tarehe 4 Julai 2014 mjini Fortaleza, katika robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Brazil na Kolombia iliyochezeshwa na Mhispania Carlos Velasco Carballo. Makosa 54 yaliadhibiwa kwa filimbi, 31 ya Brazil na 23 ya Kolombia. Kiungo mchezeshaji wa Kolombia, James Rodríguez, aliangushwa mara kwa mara na wachezaji mbalimbali waliokuwa wakipokezana, na kupokezana huko ni mbinu inayojulikana: rafu zikigawanywa kwa watu wanne au watano, hakuna hata mmoja anayefikisha kiwango cha kuonekana mkosaji sugu, ilhali anayeumia ni yuleyule. Kadi ya kwanza ya njano ilitoka dakika ya 64, nayo haikumwendea yeyote aliyempiga mchezaji teke, bali nahodha wa Brazil, Thiago Silva, kwa kumzuia mlinda mlango asiupige mpira. Dakika tatu baadaye James mwenyewe akaoneshwa kadi ya njano. Mechi ilipokaribia kwisha, beki wa Kolombia, Juan Zúñiga, alimgonga nyota wa Brazil, Neymar, mgongoni kwa goti na kumvunja mfupa wa uti wa mgongo, na hata hapo mwamuzi aliuacha mchezo uendelee kwa kanuni ya faida, ile inayoruhusu timu iliyokosewa iendelee na shambulio. Hapa hakuna nyota aliyekingwa, wa nyumbani wala wa ugenini, na funzo lake ni kwamba mwamuzi anapozihesabu rafu kwa mkosaji bila kuzihesabu kwa mkosewa, kinga ya nafasi hutoweka hata kwa wenye majina makubwa kabisa.

Watafiti wamejaribu kuzipima nguvu zinazomwelekeza mwamuzi. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake walichapisha jaribio ambamo waamuzi 40 walioneshwa matukio 47 ya kukabiliana kutoka mechi moja ya ligi ya Uingereza, baadhi yao wakisikia kelele za mashabiki na wengine wakitazama kimyakimya. Waliosikia kelele waliiadhibu timu ya nyumbani kwa rafu pungufu kwa asilimia 15.5 wakilinganishwa na waliotazama bila sauti. Waamuzi hao hawakuwa na deni kwa timu yoyote, na hakuna shabiki aliyeweza kuwadhuru. Kelele peke yake, ikitoka kwenye mkanda wa video, ilitosha kuwatia shaka. Mwaka 2010 Niels van Quaquebeke na Steffen Giessner walionesha kwamba wachezaji wawili wanapogongana, yule mrefu zaidi ndiye anayeelekea kuhesabiwa kuwa mkosaji. Akili ya mwamuzi, inapokosa uhakika wa kilichotokea, hukamata kilicho karibu nayo, iwe ni sauti, kimo au sifa aliyotangulia kuisikia.

Mjadala wenye sauti kubwa zaidi juu ya jambo hili unaendelea katika mpira wa Kimarekani, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, ambamo mchezaji aitwaye kwotabeki ndiye anayepokea mpira nyuma ya walinzi wake na kuurusha mbele. Anaporusha huwa amesimama, macho yake yakiwa mbali na mwili wake ukiwa wazi, na ndiyo maana kanuni zinakataza kumgonga akishauachia mpira, kumgonga kichwani, au kumwangukia kwa uzito wote wa mwili. Kwotabeki Tom Brady alipoumizwa goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, kanuni iliyofuata mwaka 2009 ilimkataza mlinzi aliyeanguka chini kujirusha kwenye miguu ya kwotabeki. Kwa upande mwingine, kwotabeki Cam Newton, mwenye kimo cha karibu mita mbili na uzito unaozidi kilo 110, alidai mwaka 2015 kwamba mwamuzi Ed Hochuli alimwambia hajawa mkongwe vya kutosha kupewa uamuzi aliouomba, lakini Hochuli alikanusha. Tarehe 9 Oktoba 2022 mlinzi Grady Jarrett aliadhibiwa kwa kumwangusha Brady kwa namna ambayo wengi waliiona ya kawaida, na kilio cha upendeleo kikasikika kila mahali. Siku iliyofuata Chris Jones aliadhibiwa vivyo hivyo kwa kumwangusha kwotabeki Derek Carr, ambaye hakuwa na sifa za Brady. Maamuzi yote mawili yalitolewa siku chache baada ya kwotabeki mwingine, Tua Tagovailoa, kutolewa uwanjani kwa machela baada ya kuumia kichwa, na ulinganisho huo unaonesha kwamba kinachodhaniwa kuwa kinga ya jina pengine ni woga wa jumla uliowaingia waamuzi wote kwa wakati mmoja. Hukumu ya upendeleo haiwezi kutolewa kwa tukio moja. Sharti matukio yanayofanana yapangwe bega kwa bega, majina yakiwa yamefunikwa.

Burundi nayo ina kisa chake, ambacho kinalipeleka swali hili mbali zaidi kuliko Marekani. Rais Pierre Nkurunziza, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kuingia katika siasa, na alipokuwa madarakani alikuwa na timu yake, Hallelujah FC, aliyozunguka nayo nchini akicheza kama mshambuliaji. Kwa mujibu wa taarifa za shirika la habari la AFP, wapinzani wake kwa kawaida walimchezea kwa upole. Tarehe 3 Februari 2018 timu hiyo ilicheza na timu ya Kiremba, katika mkoa wa Ngozi, ambayo miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo wakimbizi kutoka Kongo wasiojua kwamba waliyekuwa wakimkaba ni mkuu wa nchi. Walimshambulia kila alipopata mpira, naye akaanguka mara kadhaa. Mwezi Machi msimamizi wa komini ya Kiremba na msaidizi wake walitiwa kizuizini kwa tuhuma za kula njama dhidi ya rais.

Kwa mchambuzi, tukio la Kiremba lina thamani ambayo hata jaribio la Nevill halina, kwa sababu linaonesha tofauti kati ya mabeki wanaolijua jina na mabeki wasiolijua. Mshambuliaji na sheria havikubadilika; kilichobadilika ni ujuzi wa anayekaba, na mchezo mzima ukabadilika nao. Kinachodhihirika ni kwamba kinga ya jina si lazima ianzie kwa mwamuzi. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, na beki anayempisha mshambuliaji kwa hofu amekwisha kufanya kazi ya filimbi kabla mwamuzi hajaitia mdomoni. Vilevile ulinzi huo ulidumishwa na adhabu iliyokuja baada ya mechi, nje ya mistari ya uwanja, mahali ambapo hakuna mwamuzi mwenye mamlaka. Pale ambapo madaraka na mpira vimeshikwa na mkono mmoja, kumlaumu mwenye filimbi peke yake ni kukosa shabaha.

Funzo hilo linagusa moja kwa moja soka la mitaa kama Musaga, upande wa kusini wa jiji la Bujumbura, ambako ardhi inaanza kupanda kuelekea milimani na barabara ya taifa nambari 7 inapita ikielekea Matana. Katika mechi ya mtaa, ya Musaga au ya kwingineko, mwamuzi aghalabu huchezesha bila kamera na mara nyingine bila waamuzi wasaidizi waliohitimu. Mfumo unaofundishwa kwa waamuzi humtaka mwamuzi wa kati akimbie kwa mshazari, kutoka pembe moja ya uwanja kuelekea ya pili, ili mchezo ubaki kati yake na mshika kibendera na kila mgongano utazamwe na macho mawili kutoka pande mbili. Mwamuzi aliye peke yake hana upande wa pili. Akiwa nyuma ya beki, anaona mgongo wa beki na mshambuliaji akianguka, lakini haoni kama mguu uligusa mpira kwanza au uligusa ugoko. Pengo kati ya miguu miwili, ambalo ndilo lenye jibu, limezibwa na mwili wa mkabaji. Hapo ndipo jina linapojaza kile ambacho jicho halikukiona. Aliyeanguka akiwa kijana anayesifiwa, au mtoto wa mtu mzito, filimbi hulia. Akiwa mgeni aliyehamia juzi, huambiwa ainuke aache kujiangusha. Kadiri mwamuzi anavyoona kidogo, ndivyo jina linavyomwamulia zaidi, na kwa hiyo madhara ya upendeleo ni makubwa zaidi kwenye viwanja vya vumbi, visivyo na daktari wala bima, kuliko kwenye viwanja vinavyooneshwa na televisheni.

Nchi ya Burundi haikosi waamuzi hodari, kwani Jean-Claude Birumushahu alikuwa miongoni mwa waamuzi wasaidizi wa Kombe la Dunia la mwaka 2014, na Pacifique Ndabihawenimana amechezesha katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kinachohitajika ni kuushusha utaratibu wao hadi kwenye mechi za mitaa, na hatua zake hazidai fedha nyingi. Mwamuzi asitoke katika mtaa wa mojawapo ya timu zinazocheza. Wapatikane washika vibendera wawili, hata kama ni wanafunzi wa uamuzi, ili kila mgongano uwe na jicho la pili. Rafu ziandikwe kwa anayechezewa sawa na zinavyoandikwa kwa anayecheza, na mchezaji mmoja anapoangushwa mara ya tatu na watu watatu tofauti, nahodha wa wapinzani aitwe na kuelezwa kwamba wa nne atapata kadi. Mwisho, viongozi wanaoingia uwanjani kucheza watangaziwe hadharani, mbele ya timu zote mbili, kwamba watakabwa kwa sheria kama wengine, na asiwepo yeyote atakayeulizwa lolote baada ya mechi.

Waamuzi basi huwakinga wengine kuliko wengine, lakini mara chache kwa hila. Hufanya hivyo kwa kuwa sheria imewaachia hiari, macho yao hayakufika, na kelele au hofu imewahi kufika kabla ya ushahidi. Mchezaji anayestahili kulindwa ni yule aliye hatarini kwa wakati huo, awe Neymar huko Fortaleza au kijana wa Musaga anayecheza kwa viatu vya kuazima, na mguu wa huyo kijana ukivunjika hakuna klabu itakayomlipia matibabu. Kwa sababu hiyo, ubora wa mwamuzi hauna budi kupimwa kwa namna anavyomkinga mchezaji ambaye hakuna anayelijua jina lake.