Wujudi na Kuwapo: Neno Moja, Maswali Mawili

Mwaka 1971 Toshihiko Izutsu, mtaalamu wa Kijapani, alitoa kitabu kwa Kiingereza kuhusu dhana na uhalisi wa kuwapo. Humo alimweka Sabzawari, mwanafalsafa wa Kiajemi wa karne ya 19, karibu na Heidegger na Sartre. Maelezo yake juu ya Sabzawari ni hazina. Ulinganisho wenyewe, hata hivyo, wapasa kupimwa.

Sabzawari alirithi fundisho la Mulla Sadra (aliyefariki mwaka 1640). Kwa Sadra kilicho halisi ni wujudi. Kiini cha kitu ni mpaka tu unaochorwa na akili. Wujudi ni mmoja wenye ngazi, mfano wa nuru: ya taa na ya jua ni nuru ile ile, ila nguvu zake hazilingani. Ngazi ya juu kabisa, isiyo na mpaka, ndiye Mungu. Basi atajaye wujudi tayari amemgusa Mungu.

Sartre naye alisema kwamba kwa mwanadamu kuwapo hutangulia kiini, lakini kwa sababu gani? Kwa kuwa, asema, hakuna Mungu aliyekiwaza kiini hicho kabla. Maneno yafanana, hoja zapigana. Na Heidegger, katika barua yake juu ya ubinadamu ya mwaka 1947, alitamka wazi kwamba Kuwa si Mungu.

Mwenzi wa kweli wa Waislamu katika jambo hili ni Thomas wa Akwino. Alimsoma Ibn Sina (980–1037) kwa Kilatini, akapokea kwake hoja hii: mtu aweza kufahamu pembetatu ni nini, asijue kama ipo. Alibishana naye pia, lakini swali lao lilikuwa moja: viumbe vingeweza kutokuwapo, ni nani aliyevipa kuwapo?

Wachungaji wasidhani haya ni ya maktaba tu. Katika madrasa za pwani yetu hufundishwa sifa 20 za lazima za Mungu, kwa mpango wa as-Sanusi, na ya kwanza ni wujudi. Anayemwendea jirani Mwislamu akiwa na Heidegger mkononi ampelekea neno lililokwisha kuondolewa Mungu ndani yake. Aende kwanza na Thomas; watasafiri pamoja mwendo mrefu. Kisha watafika mahali Luther alipofika Heidelberg mwaka 1518, alipokataa kumwita mwanateolojia mtu adhaniye kuyaona ya Mungu yasiyoonekana kwa kutazama yaliyofanyika, akamwelekeza kwenye mateso na msalaba. Hapo ndipo jirani atakapouliza swali lake gumu kuliko yote, wala si juu ya wujudi.