Kuaga na Kutaja Saa kwa Kiingereza: Maoni juu ya Masomo ya Mwanzo katika Usambara

Masomo ya mwanzo ya Kiingereza wanayopewa vijana wenye nia ya kuwaongoza wageni katika milima ya Usambara, na watumishi wa nyumba za wageni pale Lushoto, aghalabu hufuata desturi moja ya tangu zamani. Upande mmoja wa ukurasa huandikwa neno la Kiswahili, upande wa pili neno la Kiingereza, na mwanafunzi huambiwa kwamba hili ni sawa na lile. Kwa majina ya vitu, kama meza na kikombe, desturi hii haina madhara makubwa. Katika mlango wa kuagana na ule wa saa na tarehe ni desturi mbovu, na yafaa ichunguzwe na watu wa lugha, kwa kuwa hapo ndipo mgeni na mwenyeji wanapopotezana.

Tuanze na saa. Kanuni ifundishwayo ni fupi: ongeza sita, au toa sita. Saa tatu asubuhi ni “nine o’clock”, saa nane mchana ni “two o’clock”. Kwa akrabu za saa kanuni hii ni kweli, lakini sababu yake haitajwi, na mwanafunzi huimeza kama dawa. Sababu yenyewe ni jua. Lushoto iko karibu digrii tano kusini ya Ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na hesabu ianzayo jua litokapo, kisha ikaanza tena litokomeapo, haiyumbi. London katika mwezi wa Desemba jua hutoka kama saa mbili za kwetu na kutua kabla ya saa kumi. Huko hesabu yetu isingefaa kitu. Kijana akielezwa hayo mara moja hahitaji tena kuhesabu vidole.

Upungufu ulio mkubwa zaidi ni kwamba kanuni ya sita haisemi lolote juu ya siku. Basi likiandikiwa kuondoka “Sunday, 1 a.m.”, mwanafunzi huongeza sita, akapata Jumapili saa saba usiku, akafika kituoni Jumapili usiku na basi limekwisha ondoka tangu jana yake. Mwingereza hubadili siku saa sita ya usiku. Kwa desturi ya kale ya pwani, na kwa hesabu ya Kiislamu hata leo, usiku hutangulia mchana wake, hata usiku wa Ijumaa ukawa ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wasemaji wengi wa siku hizi hawashiki kabisa hili wala lile. Lakini lugha imekwisha jitengenezea dawa: “usiku wa kuamkia Jumapili”. Usemi huu ungepaswa kuandikwa katika kila somo la saa.

Kuna na kosa la kuifasiri “a.m.” kuwa asubuhi na “p.m.” kuwa jioni. Kwa tafsiri hiyo, “1 p.m.” ingekuwa saa saba jioni, na hapana Mswahili asemaye hivyo. Kiingereza hukata siku vipande viwili. Sisi tuna alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni na usiku, na kila saa hujua nyumba yake.

Wala jambo hili si la watalii peke yao. Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza hakikufukuzwa kabisa. Hati ikihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, saa nazo huhamishwa, na mdaiwa aliyefika saa tisa mchana kwa shauri la “nine o’clock” amekwisha kukosa zamu yake.

Mfano mwema wa kufundishia umo katika Biblia, kitabu kisicho kigeni katika milima ambamo wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Katika Mathayo 20 mwenye shamba huajiri watu saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Msomaji wa Kiswahili huzisikia saa hizo kama zake, na anazisikia sawasawa, maana watu wa Biblia nao walihesabu tangu mapambazuko. Ni Mwingereza anayehitaji kufasiriwa.

Katika kuaga, kosa ni la namna nyingine. “Good-bye” kwa asili yake ni dua ya kumtakia mtu awe na Mungu, ila dua hiyo imekufa ndani ya neno. Katika “kwaheri” heri ingali yasikika, nasi tukiwaaga wengi husema “kwaherini”. Mgeni wetu huomba ruhusa kwanza, mwenyeji humzuia kidogo, kisha humsindikiza hata njiani, na huko ndiko waagizanako salamu. Somo humpa kijana neno la mwisho tu. Akitamka “good-bye” ghafula huonekana amechoka na mgeni. Akifasiri ombi la ruhusa neno kwa neno, mgeni hushangaa ni ruhusa gani. Tena haambiwi kwamba “good evening” ni ya kukutana na “good night” ni ya kuachana, tofauti ambayo angeishika upesi kwa kukumbushwa masalkheri na alamsiki.

Kuhusu siku zijazo, Kiingereza ndicho maskini: hakina neno moja la kawaida la kesho kutwa, sembuse mtondo na mtondogoo. Tarehe hazina shida ila moja. Sisi husema tarehe tano, Mwingereza husema ya tano. Lakini Mmarekani hutanguliza mwezi, na 5/7 kwake ni tarehe 7 Mei. Mwalimu na afundishe kuandika jina la mwezi kwa herufi. Sabasaba, 7/7, husomeka sawa kwa wote, kama tarehe nyingine ambazo namba ya siku na ya mwezi ni moja.