Umma na Mashujaa Wawili: "Potemkin" na "Guevara"

Sinema bubu "Manowari Potemkin", iliyotengenezwa na Sergei Eisenstein mwaka 1925, yaeleza maasi ya mabaharia wa Urusi ya mwaka 1905. "Guevara", mchezo wa vidio uliotolewa na kampuni ya SNK ya Japani mwaka 1987, watwaa mapinduzi ya Kuba. Kazi zote mbili hutumia picha nyingi na maneno machache, na katika zote askari wa serikali ni kundi lisilo na sura. Kufanana huko kwaweza kumpoteza mhakiki.

Kwa Eisenstein, kukosa sura ni aibu ya wauaji peke yao. Katika ngazi za Odessa askari ni mabuti na bunduki zishukazo kwa safu. Raia, kinyume chake, wana nyuso. Mama aliyembeba mwanawe aliyekanyagwa apanda kuwaelekea askari hali wengine wakimbia chini, na mwendo wa mauaji warefushwa kupita urefu wa ngazi zenyewe, hata mtazamaji amjue auawaye. Maasi nayo yana chanzo chake: nyama yenye funza.

"Guevara" hauna nyama wala funza. Wachezaji washuka pwani, mmoja akiwa Che Guevara na mwenziwe Fidel Castro, nao huenda mbele wakifyatua risasi na kupanda vifaru. Wenyeji huonekana kama mateka tu, wakingoja kufunguliwa. Kila afunguliwaye ni alama, na amwuaye mateka hupunguziwa alama. Kanuni hii ndiyo adili pekee ya mchezo, wala si ndogo, kwani humlazimu mchezaji kuangalia kabla ya kupiga. Lakini hao wanaohesabiwa hawatendi jambo lolote.

Hukumu iliyo kali zaidi ilitolewa na wauzaji wenyewe. Mchezo ulipopelekwa nchi za nje uliitwa "Guerrilla War", na majina ya Che na Castro yakaondolewa. Risasi, vifaru na mateka vikabaki, wala mchezo haukupungukiwa na kitu. (Che mwenyewe, alipopigana Kongo mwaka 1965, alificha jina lake akaitwa kwa Kiswahili "Tatu", ingawa ndiye aliyekuwa mkuu wa Wakuba wenziwe.) Mtu akiondoa funza katika "Potemkin", mabaharia hawana sababu ya kuasi, akiondoa maiti ya Vakulinchuk iliyolazwa gatini, watu wa Odessa hawana sababu ya kukusanyika.