Tairi na Gurudumu: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Mafundi

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuitolee maoni, tafsiri ya mwongozo wa mafundi unaohusu vihisi vya upepo, na hasa matatizo yanayotokea baada ya kubadilisha magurudumu ya gari. Mwongozo wenyewe uliandikwa Marekani. Kiswahili cha mfasiri ni safi na sentensi zake ni fupi. Kwa hayo anastahili pongezi. Hata hivyo, tulipoisoma tafsiri hiyo pamoja na fundi mmoja wa gereji, alikwama katika hatua ya tatu. Kilichomkwamisha si ugumu wa istilahi, bali uchache wake: neno moja limebebeshwa maana mbili au tatu.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Ndani ya kila gurudumu, aghalabu kwenye shina la vali, hufungwa kihisi kidogo chenye betri. Kihisi hupima upepo na kuipelekea kompyuta ya gari habari kwa mawimbi ya redio. Kila kihisi kina namba yake, na kompyuta hupokea habari za namba zile tu ilizokwisha kutambulishwa. Kanuni ya usalama ya Marekani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2000, inataka taa iwake mbele ya dereva upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Kanuni hiyo yahusu magari yasiyozidi kilo 4,536. Kwa hiyo gari linalozungumzwa ni pikapu, wala si lori kama mfasiri alivyoandika; neno la Kiingereza lililotumiwa Marekani hujumuisha yote mawili.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "tairi". Katika mazungumzo ya kila siku twasema "kubadilisha tairi" hata pale tunapofungua gurudumu zima, na hapana ubaya. Lakini katika mwongozo huu tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Fundi akivua tairi na kuvika jingine juu ya rimu ile ile, kihisi hubaki mahali pake na kompyuta huendelea kukitambua. Akibadilisha gurudumu zima, kihisi cha zamani huondoka nalo. Gurudumu jipya laweza kuwa na kihisi kigeni, au lisiwe nacho kabisa. Tafsiri inasema "ukibadilisha tairi" mahali pote pawili, kisha inatoa maagizo mawili yanayopingana.

Kadhalika neno "kipimo" limetumika kwa kihisi, kwa geji ya mkononi, na kwa kiasi cha upepo chenyewe. Fundi anapoambiwa "angalia kipimo", hajui kama anatakiwa afungue vali, ashike geji, au asome kibandiko cha mlangoni.

Hatari yaonekana wazi zaidi katika habari za taa. Taa inayowaka mfululizo tangu mwanzo huonyesha upepo mdogo. Taa inayowaka na kuzima kwa muda wa dakika moja hivi, kisha ikabaki inawaka, huonyesha kwamba mfumo wenyewe una hitilafu, kwa mfano kihisi kisichopatikana. Mfasiri ametumia "taa ikiwaka" kwa hali zote mbili. Fundi mwenye tafsiri hiyo ataongeza upepo katika magurudumu yaliyokwisha kujaa, na taa haitazimika. Naye dereva, akiisha kuzoea taa isiyozimika, hataijali siku upepo utakapopungua kweli.

Liko pia neno "kujifunza upya", lililofuata Kiingereza neno kwa neno. Fundi wetu alituuliza mafunzo hayo hutolewa katika chuo gani. Kinachokusudiwa ni kuitambulisha kompyuta kwa namba za vihisi vipya, ama kwa kifaa maalumu kinachoamsha kila kihisi kwa zamu, ama kwa kuliendesha gari kwa muda, kama mtengenezaji alivyoagiza. Tunapendekeza "kutambulisha vihisi". Istilahi hii yasaidia pia kueleza kwa nini utambulisho hushindikana: vihisi vingi vya magari ya Marekani hutumia mawimbi ya megahezi 315, na vya Ulaya megahezi 433. Kihisi cha namna moja hakisikiki katika gari la namna nyingine, hata kikiwa kizima.

Mwisho, mfasiri ametumia "kanieneo" kila mahali, nasi tulitarajiwa kumsifu. Ni istilahi sahihi ya fizikia, na mwalimu darasani hana budi kuitumia. Lakini fundi hujaza upepo, hupima upepo, na hulalamikia upepo. Katika mwongozo wa gereji yatosha kulitaja kanieneo mara moja, pamoja na maelezo, kisha kuendelea na neno la fundi.

Tunawashauri wafasiri waipeleke rasimu kwa mtumiaji kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Sentensi iliyomkwamisha fundi wetu tumeiandika upya hivi, naye aliifuata bila kuuliza: "Ukibadilisha gurudumu zima, tambulisha kihisi chake kwa kompyuta ya gari. Ukibadilisha tairi peke yake, na gurudumu likarudi mahali pake, utambulisho hauhitajiki."