Paka Aliyebakiwa na Roho Moja

Mchekeshaji wa pembeni hunoga kwa sababu haonekani sana. Anaingia, anatuvunja mbavu, anatoka. Mpe filamu nzima peke yake, utamu ule ule huanza kukinaisha. Puss in Boots alijitokeza katika Shrek 2 mwaka 2004 kama muuaji wa kukodiwa, akawapora wenzake filamu kwa upanga, kofia na macho yale ya kuomba huruma. Mwaka 2011 DreamWorks wakampa filamu yake. Haikuwa mbaya, ila paka alianza na mbwembwe akamaliza na mbwembwe. Ya pili, Puss in Boots: The Last Wish ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Joel Crawford akisaidiwa na Januel Mercado, imefika mbali zaidi, na siri yake imo katika namna mwendo wa picha ulivyochezewa.

Picha za sinema hupita 24 kwa sekunde. Katika katuni nyingi za kompyuta, kila fremu huwa na pozi jipya, ndiyo maana mwendo unateleza kama maji. Hapa watengenezaji waliacha mtelezo huo kwenye mazungumzo ya kawaida, lakini mapigano yakianza wanashikilia pozi moja kwa fremu mbili, hivyo kwa sekunde unapata mapozi 12 tu. Mwendo unakatika kidogo, jicho linapata nafasi ya kulishika kila pozi, na pigo linaonekana kama ukurasa wa kitabu cha picha. Manyoya nayo hayakuchorwa unywele kwa unywele kama mwaka 2011. Ni mipigo ya brashi, rangi juu ya rangi. Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Spider-Man: Into the Spider-Verse mwaka 2018, na wengi wameiiga kama urembo tu. Hapa ina kazi. Puss anajiona shujaa wa hadithi, basi akipigana na jitu mwanzoni mwa filamu, ulimwengu wote unachorwa kama hadithi anayojisimulia mwenyewe.

Ushindi ule unamalizwa na kengele inayomwangukia kichwani. Tabibu anapiga hesabu: kati ya roho tisa, nane zimekwenda. Vifo vyote vinapitishwa haraka haraka, kila kimoja cha kipuuzi kuliko kilichotangulia, nasi tunacheka. Kicheko hicho tutakilipia.

Malipo yanadaiwa baa. Puss yuko kaunta, unasikika mluzi, na mbwamwitu mwenye kofia ya joho anakaa kando yake akiwa na miundu miwili. Sauti ni ya Wagner Moura, ya chini, isiyo na haraka. Wanapigana, na kwa mara ya kwanza damu inamchuruzika Puss usoni. Waongozaji hawakuharakisha: wanalisogelea jicho, wanatuonyesha manyoya yakisimama, muziki unanyamaza. Kisha shujaa wetu anatorokea kwenye tundu la choo. Utani wa choo katika filamu ya watoto si jambo geni, lakini huu umewekwa mahali pake, kwa sababu aibu yake ndiyo inayomsukuma paka akajifiche kwa bibi anayefuga paka wengi, avue buti na kula chakula cha paka.

Kuanzia hapo mluzi peke yake unatosha. Hakuna haja ya kumwonyesha mbwamwitu kila mara. Noti chache tu, na ukumbi mzima unaangalia nyuma ya paka. Baadaye msituni hofu inampata Puss mpaka anaishiwa pumzi chini ya mti, na mbwa mdogo Perrito anamlalia tumboni bila neno. Perrito ndiye mchekeshaji wa pembeni mpya, na waandishi wanamtumia inavyotakiwa: kidogo, kwa wakati wake.

Kasoro ipo. Nyota ya matakwa, ambayo Puss anaitafuta ili arudishiwe roho zake, inafukuzwa na makundi mengi mno, na mmoja wa wanaoifukuza, mhalifu Jack Horner, kwa vichekesho vyake vyote, anasimama njiani kila tunapotaka kurudi kwa mbwamwitu. Sehemu ya katikati ingeweza kupunguzwa. Na wazazi wajue kwamba mbwamwitu huyu anatisha kweli. Mtoto mdogo sana asiachwe naye peke yake gizani.

Hata hivyo, katika filamu zilizozaliwa na wahusika wa pembeni, hii naiweka juu kabisa, juu ya nyingi za Shrek zenyewe. Ukiirudia, simamisha picha pale baa, tone la damu linapoanza kushuka, kisha ilinganishe na pambano la jitu. Paka ni yule yule, upanga ni ule ule; tofauti yote imo katika muda walioliachia kila pigo.